Daktari Aliyekatazwa Kuku wa Mama

Katika miaka ile ambayo nchi yetu iliitwa Zaïre, serikali ilikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Ilisahau mishahara ya watumishi wa hospitali, ilisahau dawa, ilisahau mafuta ya jenereta, lakini haikuwahi kusahau amri. Amri zilifika Bunia kwa ndege, zikiwa kavu, safi, zimegongwa mihuri kila pembe. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mtaani Lumumba, na mshahara wangu nao ulisafiri kwa miguu, kwa hiyo mnisamehe kama mpaka leo ninaicheka serikali ile kidogo.

Amri ninayokumbuka zaidi iliwahusu waganga na wagonjwa. Ilimkataza daktari, muuguzi na mtumishi yeyote wa hospitali ya serikali kupokea kitu chochote kutoka kwa mgonjwa au jamaa zake. Walioitunga walitujua vizuri, kwani hawakuishia kwenye fedha. Walitaja mbuzi, kuku, samaki, pombe na hata mkungu wa ndizi. Ilisomwa asubuhi moja mbele ya bendera, watumishi wote wamesimama mstari, kisha ikabandikwa ukutani karibu na mlango wa chumba cha daktari.

Aliyeisoma alikuwa Jestionere. Ndivyo tulivyomwita msimamizi wa mali na karatasi za hospitali, bwana mrefu aliyevaa abakosti, ile suti ya taifa isiyo na tai, iliyonyooshwa pasi hata siku za matope. Alisoma kwa Kifaransa, akatafsiri kwa Lingala, akamalizia kwa Kiswahili chetu, na kila lugha aliongeza ukali. Wakati ule niliamini kwamba bwana yule aliipenda sheria kuliko chakula.

Lakini niseme ukweli: amri haikuwa mbaya. Walikuwepo wauguzi ambao hawakuona mgonjwa mpaka waone kwanza kikapu alichobeba. Nilijua mwanamke aliyetoka mbali na mtoto wa homa akasubiri barazani mpaka dada yake alipoleta jogoo. Watu kama hao walihitaji karatasi ukutani, tena kubwa. Shida ni kwamba karatasi ilimkuta pia mama yangu.

Mama alikuwa mkulima wa kijiji cha Aveba. Macho yake yalianza kuingia ukungu nilipokuwa bado msichana shuleni, na nilipoolewa alikuwa haoni tena ila mwanga wa mlangoni. Nilizaa watoto watatu ambao hakuwahi kuwaona. Alikuwa na kiburi cha kipekee: hakukubali kuitwa kipofu. Alisalimia watu kwa kufuata sauti, na mtu asipoitika alimkaripia. Alipokuja kwangu Bunia alimsalimia mgeni aliyeketi kwenye kiti cha mume wangu, akamsalimia tena, kisha akatutangazia kwamba watu wa mjini hawana adabu. Alikuwa anasema na gunia la mihogo. Watoto walicheka mpaka wakalala chini, naye akacheka nao.

Jioni ile tulipobaki wawili jikoni hakucheka.

"Miye nachoka," aliniambia. "Nachoka kushikwa mukono na mutoto ya kaka yako ya kuenda mu choo. Mutoto anaimba njia yote, watu wote wa mugini wanajua fasi naenda."

Nilimshika bega. Ndiyo sababu nilikuwa nimemwita Bunia. Redio-trotwari, yaani midomo ya barabarani, ilikuwa imetangaza kwamba hospitalini amefika daktari kijana anayejua mambo ya macho. Alikuwa ameazimwa kwetu kwa msimu tu. Baada ya Noeli angerudishwa Kisangani na vyombo vyake vyote. Mama alifika juu ya lori la maharagi, mkono mmoja umeshika fimbo, mwingine umekumbatia kikapu, na ndani ya kikapu kuku jike mwekundu, mnene, mwenye hasira za safari.

Kuku yule alikuwa wa daktari. Kwa mama hilo halikuwa na mjadala. Mtu hakukati mwilini kabla hajala kwako. Aliyewatahiri kaka zangu alikula kwetu kwanza. Mzee aliyemng'oa baba jino alikula kwetu, tena akaomba kuongezwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ukarimu tu, na nilipoingia shule ya ualimu nikaanza kuuita ushamba, ila sikuuita hivyo mbele yake.

Siku ya kwanza hospitalini mambo yalikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Daktari alikuwa kijana mwembamba, Kiswahili chake amekiokota njiani na kukishonea vipande vya Lingala. Alimwangazia mama macho kwa tochi ndogo, akayachungulia sana, akatabasamu.

"Mama, kobanga te. Usiogope. Ni mutoto wa jicho, na imeshaiva. Tutapasua ya kuume kwanza, kisha ya kushoto. Utaona tena."

Mama alishusha pumzi. Mimi mwenyewe macho yangu mazima yakajaa maji. Alipewa kitanda palepale. Kisha akainama, akafunua kikapu, akamtoa kuku kwa miguu na kumnyoosha kuelekea kwenye sauti ya daktari.

Daktari alirudi nyuma. Kuku alipiga mabawa, tochi ikaanguka.

"Aa, mama, hapana. Sheria inakataza. Iko pale ku ukuta."

"Ukuta gani?" mama aliuliza.

Nilimweleza kuhusu karatasi. Nilimtajia na orodha: mbuzi, kuku, samaki. Mama alimrudisha kuku kikapuni polepole, akamfunika. Nilidhani ameelewa. Tulipofika wodini alinivuta kitambaa.

"Ameona kama nitakufa," alisema.

"Nani?"

"Ule kijana. Muntu mwenye anakataa kuku yako, anajua hautapona. Hapendi deni na maiti. Nirudishe kwako."

Nilimweleza habari za serikali, za Kinshasa, za rushwa. Nilieleza kama mwalimu, kwa hatua, na kwa sauti iliyozidi kupanda mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Alinisikiliza kwa adabu yote. Kisha akauliza kama serikali hiyo ndiyo itakayoshika kisu, au ni ule kijana. Akatafuta fimbo yake, akasimama, akaondoka kitandani bila hata kukilalia, na muuguzi akafuta jina lake.

Hapo ndipo ilipoanza safari ya kuku. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na niliona haiwezekani mama yangu abaki gizani kwa ajili ya ndege wa kufugwa. Nilimchukua kuku kwa siri, nikapita njia ya nyuma mpaka nyumba ya serikali alimokaa daktari, nikamkabidhi mkewe. Nilimwomba wamle tu, kisha daktari aje amwambie mama kwamba amekula. Mkewe alikuwa mtu wa huruma. Alimpokea kuku, akamfunga jikoni, akaniahidi kusema na mumewe.

Kesho yake mlinzi wa hospitali alikuja kwangu, kuku kwapani, na mkononi yai moja limefungwa kwenye jani la ndizi. Alikuwa amechoka na amekasirika. Kuku, alinieleza, alitaga nyuma ya gunia la makaa la daktari. Daktari alipomkuta jikoni aliagiza arudishwe. Mlinzi alipokuwa anapita langoni, Jestionere alimsimamisha, naye aliona yai. Ikawa kesi. Kuku ametajwa kwenye amri, yai halikutajwa. Lakini yai limetoka kwa kuku wa mgonjwa, ingawa limetagwa juu ya sakafu ya serikali. Jestionere aliingia ofisini, akaisoma amri upya, akatoka na kuamua kwamba yai limfuate mama yake. Mlinzi alisimama muda wote huo juani, kuku akimnyea kanzu.

"Mwalimu," aliniambia, "ukitaka kutuma tena, tuma mbuzi. Ile anatembea yeye mwenyewe."

Mama alisikia yote kutoka chumbani. Nilingoja anicharukie. Alicheka kwanza, kwa ajili ya yai. Kisha akaniambia kwamba hata hivyo isingefaa. Kuku wa kuliwa mafichoni si chakula, ni wizi. Daktari alipaswa kula mbele yake.

Wiki zilipita. Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi Bambu kwenye machimbo ya dhahabu, alikuja mwisho wa mwezi, akasikiliza habari yote, akapendekeza tumle kuku sisi wenyewe na suala liishe. Alirudi Bambu bila kuonja hata unyoya. Mimi nilihesabu majuma ya kufikia Noeli na kulala vibaya. Nilimwona mama akikaa uani, akichambua maharagi kwa vidole, akitupa mazuri na kubakiza mawe mara nyingine, nami nikiyachambua tena nyuma yake bila kumwambia. Tuligombana. Nilimwambia ni mkaidi. Alinijibu kwamba ukaidi ndio ulionisomesha. Nilimwambia kwamba daktari ataondoka, na yeye atakufa bila kumwona hata mjukuu mmoja. Hilo lilimuuma.

Siku iliyofuata aliniita kabla sijaenda shuleni.

"Ile karatasi inakataza nini? Sema tena."

"Kupokea kitu ya mugonjwa."

"Miye ni mugonjwa ya nani?"

Nikamtazama.

"Jina yangu waliifuta," alisema. "Sina kitanda, sina muganga, sina dawa. Miye ni mama tu mwenye anakaa kwa mutoto wake. Karatasi inakataza dokta kutembea siku ya yenga?"

Siku ya yenga ni Jumapili. Nilikwenda moja kwa moja hospitalini nikamwalika daktari nyumbani, Jumapili baada ya misa, kumsalimia mwanamke mmoja asiye mgonjwa wa mtu yeyote. Alicheka mpaka akashika ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa ule wenye amri. Kisha akaacha kucheka. Alikuwa kijana, kazi yake bado changa, na watu walikwisha kuhamishwa mbali kwa makosa madogo kuliko kuku. Alisema hawezi kuja bila Jestionere kujua.

Tukaingia ofisini kwa Jestionere. Alisikiliza, mikono imefumbatwa. Akaiondoa nakala yake ndani ya droo, akaisoma akifuatisha kidole, akarudi juu, akaisoma tena. Tulisimama mbele ya meza yake tukisubiri, daktari mwenye vyuo vyake vyote na mimi mwalimu wa watoto, kama wanafunzi waliochelewa.

"Amri iko inasema mgonjwa," alitamka mwishowe. "Mwenye si mgonjwa, amri inanyamaza."

Nilianza kushukuru. Akainua kidole, akaniita sitwayeni, yaani raia, kama serikali ilivyoagiza tuitane.

"Lakini, sitwayeni, lazima iwe na kontroli. Nitafika miye mwenyewe, nione kama hakuna zawadi inapita."

Akafika kweli, Jumapili, kabla ya daktari, na abakosti ileile. Nilikuwa nimepika kuku kwa mawese na vitunguu, nikapika sombe ya majani ya mihogo, nikasonga bugali wa kutosha kijiji. Jestionere aliketi karibu na mlango ili asimamie vizuri. Alisimamia paja la kwanza. Akasimamia na la pili. Nilipomkaribisha sombe alisema serikali haina pingamizi. Nikajifunza siku ile kwamba nilikuwa nimemkosea bwana yule kwa kudhani hapendi chakula.

Daktari alipewa mahali pa heshima, mbele ya mama, na firigisi juu ya bugali wake, kwani kwetu firigisi ni ya mgeni mkubwa. Nilimwekea pia uma, ile moja tuliyokuwa nayo, kwa sababu nilimwonea haya. Akaanza kula. Mama aligeuza sikio.

"Nini inalia?"

"Ni uma, mama," nilisema.

"Atoshe, aweke chini. Akule na mikono."

Daktari aliweka uma chini bila kubisha, akanawa upya, akamega bugali. Mama alimsikiliza akitafuna. Alisikiliza mpaka firigisi ilipokwisha. Kisha akanyoosha mkono wake juu ya meza, kiganja juu, akangoja.

Daktari alinitazama. Hata mimi sikujua anataka nini. Akaweka mkono wake ndani ya ule wa mama, bado una mawese. Mama aliushika kwa mikono yote miwili. Alipapasa kidole kimoja kimoja mpaka kwenye kucha, akaukunja, akaukunjua, akaupima uzito. Jestionere aliacha kutafuna.

"Wenye kuona wanaangalia muntu mu macho, wanajua," mama alisema. "Miye siwezi. Unataka kunikata fasi ya jicho, na sikujue. Nilitaka tu nishike hii mukono mbele haijashika kisu."

Nilijisikia vibaya kwa maelezo yangu yote ya Kinshasa na rushwa. Kisha mama akakipapasa tena kiganja cha daktari na akaanza kucheka.

"Hii mukono haijalima hata siku moja!" alisema. "Iko laini sawa ya mutoto. Ni sawa. Kwa jicho ni sawa. Hata jembe nisingekupa."

Daktari naye akacheka, lakini alipojibu sauti yake ilikuwa chini. "Mama, nitafanya na nguvu yangu yote."

"Najua. Umekula kwangu. Utakuwa na haya ya kuniharibu."

Jestionere alipoaga alitutangazia kwamba kontroli imekwisha na hakuona zawadi yoyote. Nilimfungia bawa lililobaki kwenye jani. Aliliangalia, akaangalia kule iliko hospitali, akalitia mfukoni mwa abakosti.

Jumatatu mama aliandikwa tena, akapewa kitanda kilekile, na kuanzia hapo hakupokelewa kitu chake hata chumvi. Alipasuliwa jicho la kuume akiwa macho, amepigwa sindano ya ganzi tu. Mimi nilisubiri nje, kwenye uwanja ambapo jamaa za wagonjwa hupika juu ya mafiga, moshi ukinipa sababu ya kulia. Kisha walimlaza chali, macho yote yamefungwa, kichwa kikiwa kati ya mifuko miwili ya mchanga ili asigeuke. Kwa mtu kama mama hayo yalikuwa mateso kuliko kisu. Aliwakaripia wauguzi kwa kufuata sauti, na kwa kuwa hakuweza kugeuka, aliikaripia dari.

Nilikuwa na woga ambao sikumwambia mtu. Daktari alikuwa amenieleza kwamba si kila jicho linakubali. Kila nilipomlisha uji niliyaangalia yale mabandeji na kuwaza nitamrudishaje Aveba, kwa mtoto wa kaka anayeimba njiani, ikiwa chini yake hakuna kitu.

Asubuhi ya kufunguliwa daktari alifunga pazia, akakata plasta taratibu, akasafisha jicho, akamvisha miwani yenye vioo vinene ambayo iliyafanya macho yake yawe makubwa usoni. Mama hakufumbua upesi. Alisema aachwe kwanza. Tulimwacha. Kisha akafumbua.

Alianza na daktari, kama adabu inavyotaka.

"Kumbe uko mutoto," alimwambia. "Ningejua, ningekuchinjia na jogoo."

Daktari alinigeukia akicheka, na machozi yanamtoka bila aibu. Nilikuwa nimejiandaa kumtania mama. Nilitaka kumuuliza kama analiona gunia la mihogo. Lakini alinigeukia, na tabasamu lake likaisha. Alinishika kidevu. Akanigeuza uso upande wa dirisha, akaomba pazia lifunguliwe kidogo, akanigeuza tena.

"Juu ya nini hamukuniambia?" aliuliza.

"Nini, mama?"

"Kama umekuwa yeye. Mama yangu. Ulipokuwa mutoto haukufanana naye. Sasa iko yeye kabisa, mpaka hapa," akagusa mkunjo ulio kando ya mdomo wangu, ambao mimi niliuchukia.

Nilimwambia hakuna aliyejua. Bibi alikufa mama akiwa bado msichana, hakuwahi kupigwa picha, na waliomfahamu wote walikuwa wamekwisha kuzikwa Aveba. Amebaki yeye tu wa kuweza kuliona jambo hilo. Nikainuka kwenda kumpikia uji, kwa sababu sikutaka alione lile lililokuwa likinipata usoni.

"Kaa kwanza," alisema, mkono wake haujaniachia. "Uji itangoja. Miye bado naangalia."